Maneno ya Mali na Sheria katika Rungwe: Kodi, Deni, Rehani na Dhamana

Watu wote wafanyao biashara wana maneno yao ya mali, na maneno hayo hayazaliwi siku moja wala mahali pamoja. Mengine hutoka shambani na zizini. Mengine huletwa na vyombo vya baharini. Mengine hushuka kutoka ofisi ya serikali pamoja na tangazo na mhuri. Yakisha kufika sokoni huchanganyika, na mtu ayatumiaye kila siku haoni tena yalikotoka. Lakini siku ya kutia sahihi hati, au siku ya kusimama mbele ya hakimu, maana ya neno hutakiwa ijulikane barabara. Hapo ndipo huonekana kwamba watu wawili waliotamka neno moja walikuwa na mawazo mawili.

Makala haya yanachungua maneno machache ya namna hiyo: kodi, kukopa na kuazima, mdai na mdaiwa, rehani, dhamana, hisa na kufilisi. Nimechagua kuyatazama kutoka Bulyaga, kata ya mji wa Tukuyu katika wilaya ya Rungwe, kwa sababu mbili. Kwanza, mahali hapo pako mbali na pwani, na Kiswahili kilifika huko kikiwa lugha ya boma na ya duka kabla ya kuwa lugha ya nyumbani. Kwa hiyo maneno mengi ya mali yalifika yakiwa yamekwisha kufungamana na amri ya serikali. Pili, Rungwe ni nchi yenye mvua nyingi, udongo wa rutuba na watu wengi, na mazao yake ya biashara ni ya kudumu, kama kahawa na chai. Katika nchi ya namna hiyo kosa katika maana ya neno moja laweza kumgharimu mtu shamba alilorithi kwa baba yake.

Wamisionari wa Kijerumani waliingia nchi ya Wanyakyusa mwaka 1891. Wamoravian waliweka kituo chao Rungwe, nao wa Berlin wakajenga upande mwingine wa nchi hiyohiyo, ambayo wageni waliiita Konde. Baadaye, karibu na mwanzo wa karne ya 20, serikali ya Wajerumani ilihamisha makao yake kutoka Langenburg, ufukoni mwa Ziwa Nyasa, ikajenga boma mlimani mahali pa Tukuyu na kupaita Neu-Langenburg. Wamisionari walijifunza Kinyakyusa, wakahubiri na kuandika kwa lugha hiyo. Serikali ilitumia Kiswahili cha makarani na askari wake. Hivyo mambo ya roho yalisemwa kwa lugha ya nyumbani, na mambo ya fedha na hukumu yakasemwa kwa lugha iliyotoka pwani. Mgawanyo huo wa kazi haukupangwa na mtu mmoja, lakini athari yake yaonekana katika maneno yetu mpaka leo.

Haina maana kwamba Wanyakyusa hawakuwa na mawazo ya mali. Walikuwa nayo, na yalikuwa na utaratibu. Mali kubwa ilikuwa ng'ombe, na kwa ng'ombe watu walioana, walifungamana kwa udugu, na walidaiana. Hata jina lao la fedha, indalama, lina safari ndefu nyuma yake. Ni neno lienealo katika lugha nyingi za jirani, mpaka nchi za Malawi na Zambia, nalo ni jamaa ya dirhamu ya Waarabu, ambayo nayo asili yake ni drakma ya Wayunani. Basi njia za biashara zilikuwa zimekwisha kufika kwenye Ziwa Nyasa kabla ya boma. Kilicholetwa na boma si wazo la fedha, bali ni wajibu wa kuwa nayo.

Wajibu huo uliitwa kodi. Neno hili lilikuwa la kawaida pwani, na maana yake moja kubwa ilikuwa malipo ya mpangaji kwa mwenye nyumba au mwenye shamba. Malipo ya bidhaa bandarini yalikuwa na jina lingine, ushuru, kutoka neno la Kiarabu lenye maana ya fungu la kumi. Katika Kiswahili cha mjini, basi, mtu alilipa ushuru kwa sababu bidhaa zake zilipita mlango wa mtawala, na alilipa kodi kwa sababu alikaa katika nyumba isiyokuwa yake. Mwaka 1897 serikali ya Wajerumani ilitangaza sheria ya kodi ya nyumba, na mwaka 1905 ikaanza pia kumdai mtu kwa kichwa chake. Waingereza walipoitwaa nchi, nao waliendelea na mtindo huo kwa sheria yao ya kodi ya nyumba na ya kichwa ya mwaka 1922.

Tutazame lililotokea katika maana. Mtu wa Rungwe, aliyejenga nyumba kwa mianzi ya nchi yake na udongo wa nchi yake, juu ya ardhi aliyopewa na wazee wake, aliambiwa alipe kodi ya nyumba. Kwa Kiswahili cha pwani maneno hayo yalikuwa na maana ya kwamba yeye ni mpangaji. Sidai kwamba karani aliyetafsiri sheria alikusudia hivyo. Yamkini alichukua neno lililokuwa karibu zaidi. Lakini neno halikukosea sana kuhusu hali ya mambo, maana serikali ya kikoloni ilijiona kuwa mwenye nchi. Tangu hapo maana mbili zimekaa katika neno moja. Leo kodi ya nyumba huweza kuwa malipo kwa mwenye nyumba, au malipo ya mwenye nyumba kwa serikali, na msikilizaji hulazimika kuuliza: wewe ndiwe mwenye nyumba au mpangaji? Waandishi wa sheria wamejaribu kutengeneza tofauti kwa kusema kodi ya pango upande mmoja, na kodi ya majengo upande wa pili. Tofauti hiyo ni njema, nayo yafaa ishikwe, kwa kuwa mkataba usemao tu kwamba kodi ya nyumba italipwa na fulani haujasema jambo lolote la hakika.

Pamoja na kodi zilikuja sarafu. Rupia ya Wajerumani iligawanywa kwanza katika pesa 64. Kisha katika marekebisho ya miaka ya 1904 na 1905 ikagawanywa katika heller 100. Sarafu hiyo imekwisha kutoweka zamani, lakini jina lake limebaki katika hela, neno tulitumialo kwa fedha zote. Waingereza walileta shilingi katika miaka ya mwanzo ya 1920, baada ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki kuundwa mwishoni mwa mwaka 1919. Vijana wa Rungwe walizitafuta fedha hizo mbali na kwao: katika machimbo ya dhahabu ya Lupa, upande wa Chunya, na katika migodi ya kusini, mpaka Rhodesia ya Kaskazini na Afrika Kusini. Safari hizo zilikuza Kiswahili cha mshahara, posho na kipande. Deni nalo lilianza kubadilika: zamani ng'ombe mmoja alikumbukwa na ukoo mzima, lakini deni la shilingi lilikumbukwa na daftari. Waswahili husema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Na mtu asiyejua kusoma daftari aliweza kupotewa na mali yake hali daftari lipo.

Hapa yafaa kusimama katika maneno mawili ya asili ya Kiswahili: kuazima na kukopa. Anayeazima jembe hurudisha jembe lile lile. Anayekopa fedha au unga hurudisha kiasi kilicho sawa, si sarafu zilezile wala unga uleule. Wanasheria wa Roma ya kale waliona tofauti hii, wakaipa kila hali jina lake na hukumu yake. Maana kitu kilichoazimwa kikiharibika bila kosa la mwazimaji, hasara huwa ya mwenyewe, lakini fedha zilizokopwa zikiibwa, mkopaji bado ni mwenye deni. Lugha ya Kiingereza, pamoja na utajiri wake wote wa sheria, hutumia neno moja kwa hali hizi mbili katika mazungumzo ya kila siku. Kiswahili kilikuwa na tofauti hiyo bila kufundishwa na mwanasheria yeyote. Ni jambo la kusikitisha kwamba sasa twasikia watu wakiazimana shilingi elfu kumi, ati kwa sababu kuazima ni neno la adabu zaidi. Adabu ni kitu chema, lakini katika hati hudhuru.

Kukopa, kwa upande wake, halikuwa neno lenye sifa njema. Kamusi za zamani zaonyesha kwamba maana yake ilikaribia hata kulaghai, yaani kupata kitu kwa ahadi tu. Mithali ya kukopa harusi, kulipa matanga, yatoka katika mawazo hayohayo. Sheria ya kikoloni iliongeza uzito. Kwa sheria ya Tanganyika ya mwaka 1931 iliyozuia mikopo kwa wenyeji, mtu asiyekuwa Mwafrika aliyemkopesha Mwafrika hakuweza kwa kawaida kumdai mahakamani, isipokuwa afisa wa serikali amekubali mkopo huo kwa maandishi. Serikali ilisema kwamba yamlinda mwenyeji asinaswe na madeni ya dukani. Ulinzi huo ulikuwa na kweli ndani yake, lakini pia ulimfungia Mwafrika mlango wa biashara, maana mwenye duka la jumla hatoi bidhaa kwa mtu asiyeweza kumdai. Mfanyabiashara wa Kihindi wa Tukuyu aliweza kuagiza mali kwa ahadi ya kulipa baadaye. Mwafrika mwenye meza yake sokoni alihitaji kutoa fedha taslimu. Hivyo mtu mmoja alikuwa na mtaji wa kuaminiwa, na mwingine alikuwa na mtaji wa mfukoni tu. Sheria hiyo ilikwisha kuondolewa, lakini historia yake yatufunza kwamba mkopo si fedha peke yake. Mkopo ni haki ya kudaiwa, na asiyeweza kudaiwa hawezi kukopeshwa.

Neno kudai latuleta katika jambo la mahakama. Zamani Kiswahili kilikuwa na maneno mawili kwa watu wa deni: mwia, yaani mwenye kuwia, na mwiwa, yaani mwenye kuwiwa. Maneno haya yalieleza hali yenyewe ya deni. Kisha likashika nguvu neno la asili ya Kiarabu, dai, ambalo maana yake ni kutoa madai. Nalo lilileta mdai na mdaiwa. Katika mahakama ya madai, mdai ni yule aliyefungua kesi, na mdaiwa ni yule aliyeitwa kuijibu. Katika biashara, mdai ni mwenye kustahili kulipwa, na mdaiwa ni mwenye kulipa. Basi neno lilelile lamtaja mtu anayesemwa kuwa na deni, na mtu aliyethibitishwa kuwa na deni.

Mtu aweza kusema kwamba hii ni hoja ya wanafunzi wa lugha tu. Sivyo. Katika shauri la jinai Kiswahili kimejilinda vizuri: mshtakiwa ni mtu aliyeshtakiwa, wala hakuna asikiaye humo kwamba amekwisha kuwa mwizi. Lakini mzee wa Bulyaga apokeaye karatasi ya mahakama iliyomwita mdaiwa huweza kudhani kwamba deni limekwisha kuamuliwa, na kazi yake iliyobaki ni kuomba muda wa kulipa. Asipofika kujibu, shauri laweza kusikilizwa bila yeye na kuamuliwa dhidi yake. Wakati tulipokuwa na mwia na mwiwa, tuliweza kusema kwa maneno matatu mafupi kwamba huyu ni mdaiwa lakini si mwiwa. Kamusi bado zayahifadhi maneno hayo. Ni sisi tulioyaacha yalale. Napendekeza yaamshwe, mdai na mdaiwa yabaki kwa shauri, na mwia na mwiwa yatumike kwa deni lililokiriwa au kuamuliwa.

Neno rehani lina historia ndefu zaidi, na hatari yake ni kubwa. Katika fiqhi ya Kiislamu, ambamo Kiswahili kililitoa, rehani hutimia kwa kukabidhiwa: mkopaji humpa mkopeshaji kitu, naye hukishika mpaka alipwe. Mtu wa kawaida bado hulielewa hivyo. Aliyeweka rehani baiskeli yake hana baiskeli mpaka alipe. Lakini rehani ya ardhi katika sheria ya leo haimwondoi mtu shambani. Huendelea kulima, kuvuna na kulala katika nyumba yake kama kwamba hakuna kilichotokea, na hati tu ndiyo iliyokwenda benki. Kwa akili ya rehani ya zamani, mtu huyo huona kwamba shamba bado li salama maana yeye ndiye alishikaye. Kumbe lililowekwa rehani si udongo, bali ni uwezo wa kuuza udongo huo deni lisipolipwa.

Zanzibar ilionja ubishi wa maana ya namna hii mapema. Huko, kwa kuwa riba ilikatazwa na dini, mikopo mingi juu ya mashamba ya karafuu ilivikwa vazi la mauzo, yaani bei ya khiyari: mwenye shamba aliliuza kwa mkopeshaji, akawa na hiari ya kulikomboa kwa kurudisha fedha katika muda uliowekwa. Je, hayo yalikuwa mauzo au mkopo? Aliyekopa alisema mkopo. Hati ilisema mauzo. Madeni ya wenye mashamba yalipokuwa makubwa, serikali iliingilia kwa amri ya mwaka 1934 ya kuzuia ardhi isihamishwe, na ugomvi wa biashara ya karafuu uliofuata ukaleta mgomo wa wafanyabiashara wa Kihindi mwaka 1937. Sisemi kwamba ugomvi wote huo ulitokana na neno moja. Bei ya karafuu na siasa zilikuwa na sehemu yao. Nasema tu kwamba mali nyingi sana iliwekwa juu ya neno ambalo pande mbili hazikulisoma sawasawa.

Rungwe haikuwa na bei ya khiyari, lakini ilikuwa na swali lake yenyewe: ni nani mwenye ardhi? Desturi ya Wanyakyusa ilikuwa ya ajabu machoni mwa wataalamu, maana vijana wa rika moja waliishi pamoja katika kijiji chao, na mwanachuoni Monica Wilson, aliyechunguza maisha hayo pamoja na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, aliandika juu yake kitabu kilichotoka mwaka 1951. Haki ya mtu juu ya shamba ilifungamana na kukaa kwake kijijini. Akihama, ardhi ilibaki kwa wenzake. Kisha ikaja kahawa. Mahindi huvunwa na kwisha, lakini mkahawa hukaa miaka mingi, na aliyeupanda hataki kuuacha kwa jirani. P. H. Gulliver, katika utafiti wake juu ya ardhi ya Wanyakyusa uliochapishwa mwaka 1958, alionyesha jinsi mazao ya biashara na upungufu wa ardhi yalivyodhoofisha mamlaka ya kijiji na kumfanya mtu alishike shamba kama lake na la wanawe. Kwa maneno mengine, mti ulibadilisha maana ya kumiliki kabla ya sheria kufanya hivyo.

Sheria nayo ilikuwa na maana yake. Tangu sheria ya ardhi ya mwaka 1923, mtu katika Tanganyika hupata haki ya kuitumia ardhi, si umilikaji kamili wa udongo; na baada ya uhuru, mwaka 1963, hata milki chache za moja kwa moja zilizobaki ziligeuzwa. Sheria mbili za mwaka 1999, ya ardhi na ya ardhi ya vijiji, ziliendeleza msingi huo, zikatambua pia hakimiliki ya kimila na hati yake. Juu ya rehani, Sheria ya Ardhi ya 1999 imetamka wazi kwamba rehani ni dhamana tu, wala haihamishi haki ya ardhi kwa mkopeshaji. Vilevile imetaka taarifa itolewe kabla ya mkopeshaji kuuza, na ridhaa ya mke au mume itafutwe pale inapowekwa rehani nyumba ya ndoa. Haya ni maelezo mazuri, lakini hayamfai mtu ambaye kichwani mwake rehani bado ni baiskeli iliyofungiwa dukani.

Nimetaja dhamana, na hili ni neno lililolemewa kuliko yote. Dhamana ni kitu kilichowekwa ili deni lilipwe. Dhamana ni ahadi ya kumtoa mshtakiwa rumande. Dhamana ni madaraka aliyokabidhiwa kiongozi. Mdhamini naye ni mtu anayeahidi kulipa deni la mwenziwe, ni mtu anayeahidi kwamba mshtakiwa atafika mahakamani, ni mtunza mali ya kanisa, msikiti au chama katika bodi ya wadhamini, na siku hizi ni kampuni inayowanunulia wachezaji wa mpira fulana. Watu hawa wanne wana wajibu usiofanana hata kidogo. Mmoja anatumia mali yake ili jina lake lionekane; mwingine anatunza mali isiyo yake; wa tatu anakabili hasara ikiwa mtu atatoroka; na wa nne anaweza kufilisiwa kwa deni ambalo hakula hata senti yake.

Huyo wa nne ndiye wa kuogopewa. Sheria ya Mikataba ya Tanganyika ilitungwa mwaka 1961, nayo ilirithi misingi ya Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872, iliyotumika hapa tangu Waingereza waitie nguvu mwaka 1920. Kwa misingi hiyo, dhima ya mdhamini ni sawa na dhima ya mdaiwa mkuu, isipokuwa mkataba umesema vinginevyo. Maana yake mkopeshaji halazimiki, kwa kanuni hiyo, kungoja mpaka amemaliza kumkamua mkopaji ndipo amgeukie mdhamini. Lakini katika mila zetu, mtu anayesimama na mwenziwe mbele ya wageni husimama kama shahidi wa tabia yake: huyu ni mtoto wa fulani, namfahamu, hana matata. Jirani anayeombwa asaini kama mdhamini katika mkopo wa kikundi huona vibaya kukataa, kwa kuwa kukataa ni kama kusema kwamba mwenzake si mwaminifu. Hutia sahihi kwa ajili ya udugu, na sheria huisoma sahihi yake kama ahadi ya fedha. Laiti fomu zingeandika mlipaji badala, watu wengi wangefikiri mara mbili, na udugu mwingi ungesalimika.

Nizungumze pia juu ya maneno ya watu wengi wakiungana. Sheria ya vyama vya ushirika ilipitishwa Tanganyika mwaka 1932, na wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro wakaanzisha muungano wao chini ya sheria hiyo mwaka 1933. Rungwe nayo ilijenga vyama vyake vya kuuza kahawa na mpunga, maana Kyela wakati huo ilikuwa sehemu ya wilaya hiyo. Vyama hivyo vilimfundisha mkulima neno hisa, ambalo kwa asili yake ya Kiarabu ni fungu la mtu katika kitu cha shirika. Ndani ya chama cha ushirika kila mwanachama ana kura moja, awe na hisa nyingi au chache. Katika kampuni, kwa kawaida, kura hufuata wingi wa hisa. Neno ni moja, nguvu zake ni mbili. Baada ya viwanda vya chai vya serikali kubinafsishwa, wakulima wadogo wa chai wa Rungwe, kwa njia ya chama chao, walipata hisa katika kampuni ya Wakulima, yenye kiwanda cha Katumba, kilomita chache kutoka Tukuyu. Ni jambo la heshima. Lakini aliyezoea hisa ya ushirika alihitaji kujifunza upya kwamba mwenye hisa chache katika kampuni husikilizwa lakini huweza kushindwa, na kwamba gawio si mshahara: hutoka pale faida inapopatikana, na wakubwa wa kampuni wakikubali kuigawa.

Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika nchini, na sheria ya mwaka 1982 ikaviruhusu kurudi. Katikati ya miaka hiyo mkulima aliyeweka hisa zake aliona neno likibaki kwenye kitabu hali kitu chenyewe hakipo mkononi mwake. Hapo Kiswahili kilihitaji kutofautisha kuvunja na kufilisi. Kufilisi ni utaratibu: mali hukusanywa, madeni hulipwa kwa daraja zake, na kibakicho, kikibaki, hurudi kwa wenyewe. Afanyaye kazi hiyo ni mfilisi. Aliyeishiwa ni muflisi. Maneno haya mawili hupishana kwa herufi chache, na msomaji mwenye haraka huweza kumwita mwizi yule aliyeletwa kutunza mabaki.

Wataalamu hawakulala katika kazi ya kufafanua. Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1930, na kamusi iliyosimamiwa na Frederick Johnson ikatoka mwaka 1939. Kiswahili kilipokuwa lugha ya taifa huru, kazi iliongezeka. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1963 iliziunganisha mahakama za kienyeji na mfumo mmoja wa nchi, na mahakama za mwanzo zikaendesha kazi kwa Kiswahili. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa mwaka 1967. Mwaka 1968 A. B. Weston, aliyekuwa mkuu wa kwanza wa Kitivo cha Sheria cha Dar es Salaam, pamoja na Sheikh Mohamed Ali, walitoa orodha ya istilahi za sheria kwa Kiswahili. Kwa muda mrefu, hata hivyo, orodha hizo zilikuwa daraja la kumvusha msomaji wa Kiingereza. Mahakama za juu ziliandika hukumu kwa Kiingereza, na Kiswahili kikabaki kueleza yaliyokwisha kuamuliwa. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yaligeuza mambo: Kiswahili kilitangazwa kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki, na Kiingereza kikaachiwa nafasi pale haki inapokihitaji.

Kwa hiyo tumefika mahali ambapo neno la Kiswahili haliegemei tena neno la Kiingereza lililo nyuma yake. Zamani hakimu akitatizwa na dhamana aliweza kufungua kitabu cha Kiingereza, akatazama ni dhamana ipi iliyokusudiwa. Sheria ikiwa imetungwa kwa Kiswahili, maana itatafutwa ndani ya Kiswahili chenyewe, na ikikosekana humo itatungwa na yule mwenye nguvu zaidi katika shauri. Mwenye nguvu katika shauri la mkopo mara nyingi si mkulima wa Bulyaga.

Basi kazi ya wanafunzi wa lugha na ya wanafunzi wa sheria imekuwa kazi moja. Si kubuni maneno mapya tu, bali kwanza ni kuyapanga tuliyo nayo: pango mbali na kodi, kuazima mbali na kukopa, mwiwa mbali na mdaiwa, mlipaji badala mbali na mtunza mali. Kila istilahi itangazwayo ingefaa ipelekwe mbele ya watu watakaoitia sahihi, katika baraza la kata au mkutano wa chama cha msingi, waulizwe wameelewa nini. Na jibu lao liandikwe pamoja na jibu la mtaalamu. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imewaweka wakopeshaji wadogo chini ya usimamizi wa Benki Kuu. Ni hatua njema, lakini msimamizi wa Dar es Salaam hatakuwapo mezani Tukuyu wakati kalamu inapotolewa. Watakaokuwapo ni watu wawili na karatasi moja, na haki ya mmoja wao itategemea kama neno lililo katika karatasi hiyo ndilo lililo kichwani mwake.